Kinyama kilichokatwa kisiishie kwenye ndoo: namna ya kufuatilia uvimbe wa ngozi na vidonda sugu vya usoni ukiwa Kigoma

Naandika hii kwa watu wa huku kwetu mwisho wa reli, Ujiji, Mwanga, Kasulu, Uvinza mpaka Kibondo, na ndugu zetu wa Tabora pia maana shida ni ileile. Mi sio daktari, nauza dagaa Kibirizi, ila nimezungushwa na kinundu cha mdogo wangu karibu miaka mitatu halafu kabla sijapumua mjomba nae akaja na kidonda cha kidevuni, kwahiyo njia zinapopita nazijua na zinapokwama ndo nazijua zaidi.

Mdogo wangu alikuwa na kinundu begani. Kigumu, hakiumi, rangi kama ya zambarau iliyochuja. Sote tukasema ni kovu tu limevimba, maana zamani kamba ya mtumbwi ilimchuna hapohapo. Mama akawa anampaka mawese. Kilivyoanza kumsumbua akibeba ndoo za dagaa akaenda zahanati moja hivi siitaji, akachomwa ganzi, dakika ishirini kimetoka. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikakiona kwa macho yangu, ukubwa wa firigisi ya kuku, ndani cheupe, kikadondoshwa kwenye ndoo yenye pamba za damu. Akashonwa nyuzi sita akapewa amoksilini tukarudi nyumbani tunacheka. Miezi minane mbele kikarudi, safari hii viwili vimekaa pembeni ya kovu. Wakakata tena, ndoo tena. Kikarudi. Mara ya tatu tumefika hospitali ya mkoa, dokta wa upasuaji hata hajakigusa akauliza, "Majibu ya kile kinyama cha kwanza yako wapi?" Tukatazamana.

Kwahiyo jambo la kwanza, na hata ukisahau mengine yote shika hili, kabla mtu hajakukata chochote kwenye ngozi muulize, "Dokta, kikitoka kinapelekwa maabara gani?" Akikwambia hamna haja, kidogo tu hicho, mwambie kwa upole kwamba unaomba kipimwe na upo tayari kulipia. Akisema hapa hatuna utaratibu huo basi usikatwe hapo. Hata mzoefu vipi, kwa macho tu hawezi kuapa kinundu ni nini. Kile cha mdogo wangu kilifanana na kovu, kumbe ni saratani ya ngozi ya nadra inaitwa dematofibrosakoma, jina refu kuliko kinundu chenyewe, Marekani huko wanaipata watu kama wanne kwa kila milioni kwa mwaka. Inakua polepole sana, mara chache sana inasambaa sehemu zingine za mwili, ila chini ya ngozi inatuma mizizi ambayo huioni. Aliyewahi kulima shamba lenye ndago anaelewa, ukikwangua juu ndo kwanza umeitia hamu.

Sasa vinundu vya kuviwahi ni vipi. Kinachokua mwezi hadi mwezi hata kama hakiumi. Kilichokatwa kikarudi. Kidonda ambacho kimepita wiki nne hadi sita hakifungi, au kinafunga juu kinafumuka tena. Doa jeusi unyayoni au chini ya kucha linalotanuka, na hapa watu weusi tunajidanganya sana kwamba saratani ya ngozi ni ya wazungu, wakati ile mbaya ya rangi nyeusi kwetu inapenda hasa unyayo. Kovu la kuungua moto la tangu utotoni ambalo miaka thelathini baadae limeanza kutoa kidonda, hilo nalo usiliite donda ndugu ukaliacha. Madoa ya zambarau miguuni na mguu kuvimba, hiyo inaweza kuwa saratani inayoitwa Kaposi, na hapo kipimo cha kwanza ni cha VVU maana dawa zenyewe za ARV ndo msingi wa tiba, kisu sio cha kukimbilia. Ndugu zetu wenye ualbino wao wasisubiri hata hizo wiki sita, kigaga chochote mdomoni, sikioni au shingoni ambacho hakiondoki waende mapema kikiwa kidogo, kikiwa kidogo kinatolewa kwa ganzi tu mtu anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kuna mafuta ya jua yanatengenezwa hospitali ya KCMC Moshi yanaitwa Kilisun, yametengenezwa kwa ajili yao, ulizia kwenye kliniki zao.

Na kuna sehemu ambazo usikubali kukatwa zahanati hata kiwe kidogo kama harage. Uvimbe mbele ya sikio au chini yake kidogo, hapo kuna tezi ya mate na ndani yake unapita mshipa wa fahamu unaoendesha uso mzima, ukiguswa vibaya mdomo unaenda upande na jicho halifungi. Uvimbe wa mtoto katikati ya pua, kati ya macho, huo saa ingine umeungana na ndani ya kichwa, lazima picha ya CT kwanza. Kope. Na chochote kilichozidi sentimita tano au kilichoshikana na nyama ya chini, yaani ukikisukuma hakitembei.

Haya, kuchukua kinyama, wenyewe wanaita biopsi. Watu wanaiogopa wanasema saratani ikiguswa na chuma inasambaa, mama yangu mzazi aliligoma hilo siku mbili nzima. Dokta akamwambia, "Mama, hawa wamemkata mara mbili bila kujua wanakata nini, mimi naomba kipande kama punje ya mahindi tu nijue." Akakubali. Kwa mdogo wangu walichoma ganzi wakatoa kipande kirefu chembamba chenye kina, maana uvimbe wenyewe upo chini, ukikwangua juu unapata ngozi tu. Vidonda vingine wanatumia kifaa cha duara kama kitobozi, upana wake milimita nne hivi, na kwa kidonda wachukue ukingoni, pale kidonda kinapokutana na ngozi nzima, katikati mara nyingi ni uozo mtupu na majibu yanarudi hayana kitu.

Chupa sasa. Hapa ndo ndugu wa mgonjwa una kazi. Kinyama kinatakiwa kizame kwenye fomalini ya asilimia 10, na dawa iwe nyingi, angalau mara kumi ya kinyama. Sio spiriti, sio maji. Chupa iwe na mdomo mpana maana kinyama kikishakaa kwenye fomalini kinakakamaa, kama kiliingizwa kwa kubanwa hakitoki. Jina liandikwe kwenye kiwiliwili cha chupa, sio kwenye kifuniko, vifuniko huwa vinabadilishana. Hakikisha na fomu imeandikwa kitu cha maana, mahali kilipotoka, kimekaa muda gani, kilishakatwa mara ngapi, kwa sababu mtu wa maabara hamwoni mgonjwa, anaona kinyama na hiyo karatasi basi. Yetu mara ya kwanza iliandikwa "uvimbe bega", nikamrudia sista kwa adabu nikamuomba aongeze kwamba kimerudi mara mbili, akaongeza.

Ila kama dokta anashuku ni maambukizi, TB ya ngozi au fangasi wa ndani, basi chupa ziwe MBILI. Ya kwanza fomalini, ya pili maji ya chumvi ya dripu yaliyo safi, kwa ajili ya kuotesha vijidudu na kupima TB kwa ile mashine ya jinekspati. Fomalini inaua kila kitu kwahiyo kinyama kilicholala humo hakioteshi chochote. Hii ya pili ifike maabara siku hiyohiyo, ya fomalini yenyewe haina presha, inaweza kusafiri siku kadhaa na haihitaji barafu. Ya mdogo wangu ilipanda basi kwenda Mwanza ikiwa imefungwa kwenye mifuko mitatu. Jibu lilichukua wiki, uliza mapema litarudije, na uache namba ya simu ya mtu mwenye chaji.

Jibu likija omba nakala yako, piga picha kwenye simu, weka na karatasi kwenye faili. Imeandikwa kiingereza na maneno magumu ila wewe omba dokta akufafanulie vitu vitatu tu. Ni nini. Imeingia kina gani. Na kingo zikoje, yaani pembeni na chini ya kile kinyama walikuta ngozi safi au ugonjwa umegusa mpaka ukingo. Ukingo ukiwa mchafu maana yake mzizi umebaki mwilini, hata kama nje panang'aa.

Kukatwa kwenyewe tulipewa rufaa hospitali ya Bugando, Mwanza. Kwa wa Kigoma njia ni Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, Geita mpaka Mwanza, wa Tabora mnapita Nzega na Shinyanga, na nyie mna hospitali ya Kitete na pia ya Nkinga kule Igunga, anzieni huko kwanza kabla ya kukimbia mbali. Usiende bila barua ya rufaa, utalala kwenye benchi. CHF yetu iliishia hospitali ya mkoa kwahiyo ulizia bima yako inafika wapi kabla hujakata tiketi, na ukikwama kabisa kila hospitali kubwa ina ofisi ya ustawi wa jamii, nenda pale uongee ukweli wako, usione aibu. Beba ripoti, beba na ile picha ya uvimbe ulivyokuwa kabla, madokta waliipenda sana picha tuliyompiga ufukweni bila hata kujua itafaa.

Kuna kitu sitasahau. Asubuhi ya upasuaji dokta alikuja na kalamu, akapapasa ukingo wa kinundu kwa vidole akachora duara, halafu akapima na rula sentimita tatu kutoka hapo akachora duara lingine kubwa. Kinundu kilikuwa kama limau, duara la nje likawa kama kisosi. Mdogo wangu akasema, "Dokta mbona unachukua na nyama yangu nzima?" Akajibiwa kwamba zile mbili za mwanzo walikata padogo, ndo maana kilirudi. Kwa aina hii wanachukua sentimita mbili hadi tatu pembeni na chini mpaka ule utando unaofunika misuli. Sio saratani zote za ngozi zinataka hivyo, zile za kawaida za usoni mara nyingi milimita nne hadi sita pembeni zinatosha kama ni ndogo, kwahiyo usimwone jirani kachukuliwa kidogo ukadhani wewe umeonewa. Kuna na njia ya kukata tabaka kwa tabaka huku kila tabaka linaangaliwa kwenye hadubini hapohapo, aliianzisha Frederic Mohs huko Marekani miaka ya 1930, nzuri sana kwa usoni ila inataka vifaa na watu maalum, sisi hatukuipata, tulipata kalamu na rula na ikatosha. Kinyama kilivyotoka walikifunga nyuzi mbili, moja fupi moja ndefu, ili mtu wa maabara ajue juu ni wapi na pembeni ni wapi, akikuta uchafu upande mmoja wanarudi upande huohuo tu.

Shimo hilo halishoneki. Walichukua ngozi nyembamba pajani wakaitoboatoboa, mdogo wangu akaiita kipande cha wavu wa dagaa, na kweli ilifanana, wakaipachika begani wakaikandamiza na pamba iliyofungwa kwa nyuzi. Wakafungua siku ya tano, ikawa imeshika, rangi ya waridi. Wengi hawaambiwi hili, paja linauma kuliko bega. Ile bandeji ya pajani imegandamana, usiibandue, iache idondoke yenyewe kama wiki mbili hivi, sisi shangazi alitaka kuilowanisha aitoe kwa huruma tukagombana. Na sigara acha kabla na baada, ngozi iliyopachikwa inaishi kwa damu kidogo inayoipata, moshi unaibana.

Kama kingo zingerudi chafu ilikuwa ni kukatwa tena au mionzi, na mionzi ni hospitali ya saratani Ocean Road Dar au hapohapo Bugando. Zilirudi safi.

Sasa tuje usoni, kwa mjomba. Mzee alikuwa na kitundu kidevuni kinatoa usaha, kinakauka, kinafumuka, miaka miwili. Kapewa vidonge vya kila rangi, kapasuliwa kama jipu mara tatu, kanunua ile cream ya mchanganyiko ya dukani ambayo kila mtu anaijua. Tukampeleka, dokta akamshika kidevu akabonyeza, akapata kama uzi mgumu chini ya ngozi unaoelekea kwenye taya. "Mzee wangu, jino la mbele chini liliwahi kugongwa?" Mjomba akacheka, "Dokta, nilipigwa kasia ujanani, ila jino haliumi." Picha ya eksirei ikaonesha usaha kwenye mzizi wa jino lililokufa kitambo, usaha umejitobolea njia mpaka nje. Jino likang'olewa, kitundu kikafunga ndani ya wiki tatu bila kushonwa wala nini. Kwahiyo kidonda cha kidevu, taya au shavu kinachotoa usaha na hakisikii dawa, kabla ya kisu cha ngozi nenda kwa daktari wa meno, hata kama jino haliumi, HATA KAMA HALIUMI.

Ikiwa sio jino, vitu vingine vya kupimwa kwa kidonda sugu cha usoni ni sukari, VVU, TB na fangasi. TB ya ngozi ipo, inaanza kama vijivimbe vyekundu vya kahawia shavuni au puani vinatambaa polepole miaka, na tiba yake ni vidonge vilevile vya TB miezi sita, bure kabisa, kisu hapo kazi yake ni kuchukua kinyama tu cha kupima. Zile cream za mchanganyiko zina steroidi ndani, zinaficha fangasi wanabadilika sura mpaka daktari mwenyewe hawatambui, kwahiyo dokta akisema acha cream wiki mbili ndo urudi kukwanguliwa, acha kweli, usipake usiku ukasema umeacha. Ukoma nao muulizieni, doa lisilosikia mguso.

Jipu la puani au juu ya mdomo wa juu msiminye. Mishipa ya damu ya hapo inarudi nyuma mpaka karibu na ubongo. Ukiona jicho linavimba, homa, kichwa kinagonga, hiyo sio ya kusubiri asubuhi. Na mtoto aliyedhoofika, katoka kuugua surua, ufizi unaanza kunuka na shavu linavimba, mkimbize siku hiyohiyo, huo unaweza kuwa ugonjwa unaoitwa noma, unakula shavu ndani ya siku chache, WHO wameuingiza kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika Desemba 2023. Kuziba shavu kwa upasuaji kunakuja baadae sana, mwanzoni ni dawa na chakula.

Vipele vya kisogoni vya kunyoa ambavyo vinageuka mkungu wa makovu, navyo vinakatwa, lakini keloidi, yaani kovu linaloota nyama, ya kawaida ya sikio au kifua ukiikata tu bila kuchoma sindano za steroidi au kitu kingine baada yake, zaidi ya nusu zinarudi, na zinarudi kubwa zaidi. Atakayekwambia anaikata tu na imeisha muulize tena.

Nyuzi za usoni zinatoka siku ya tano hadi ya saba, zikichelewa zinaacha alama kama reli, za mgongoni na miguuni siku kumi hadi kumi na nne. Kidonda kioshwe kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa na kifunikwe, mawese, majivu, dawa ya meno na unga wa vidonge vilivyosagwa viache jikoni na dukani. Siku mbili tatu za mwanzo kuvimba kidogo ni kawaida, ila wekundu unaotanuka, harufu na homa rudi.

Mdogo wangu anarudi kliniki kila miezi sita, wanalipapasa kovu lote na kwapa. Nyumbani akioga anajipapasa mwenyewe kwa vidole vyenye sabuni, nyama ikiteleza ndo unasikia kama kuna punje. Wiki iliyopita alikuja mbio Kibirizi anasema kakipata kimoja, nikaacha dagaa juani nikashika, kikawa ni fundo la uzi. Faili bado lipo kwangu, kwenye rambo, juu ya kabati.